Nilivyosafisha faili za muda, nusura nivunje kikoba cha mke wangu

Fundi hakumaliza hata dakika mbili na laptop yetu mkononi. "Braza, hii imejaa. Tuipige window tu, elfu thelathini." Yaani aiwekee Windows upya. Nikakubali, maana mstari unaoonyesha diski ya C imejaa kiasi gani ulikuwa mwekundu tangu Ramadhani, na Excel ilikuwa haifunguki bila kulalamika. Laptop yenyewe ni ya mtumba, SSD yake, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ni ya GB 128, ambazo ukizitazama ndani unakuta 119 hivi. Mke wangu alimwandikia fundi jambo moja tu kwenye karatasi: faili la kikoba, yaani hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, lisipotee. Fundi akasema, "Shemeji, ondoa shaka, nitakuwekea palepale kwenye Downloads."

Jumamosi laptop ikarudi. Jumapili jioni, wenzake wa kikoba walipoondoka, mke wangu, mama Neema, akaingiza hisa na marejesho ya watu wote. Jumanne mstari ukawa mwekundu tena. Kompyuta imepigwa window juzi, haina picha wala muziki, imeshiba nini?

Nikaapa kwa fundi sirudi. Nikaulizia huku na kule, na ushauri wa bure haukunikawia. Kijana wa jirani aliniambia niwe nafuta kila wiki folda ya Prefetch, ambamo Windows huweka kumbukumbu za kufungulia programu haraka, eti kompyuta inakuwa nyepesi. Nimejaribu: programu zilichelewa kufunguka mara ya kwanza, kisha Windows ikaijaza upya kimyakimya. Mwingine akaniambia nifute C:\Windows\Installer kwa kuwa "ni mabaki ya usakinishaji". Hilo nashukuru sikulifanya. Humo ndimo zinamokaa faili ambazo programu huzihitaji siku ya kusasishwa au kuondolewa. Ukizifuta leo hutaona kitu, utalia miezi mitatu baadaye.

Basi nikaamua mwenyewe. Nilibonyeza Windows na R, nikaandika %temp%, folda ya faili za muda ikafunguka, nikachagua vyote, nikafuta. Vile vilivyogoma kwa kuwa vinatumika nikaviruka. Nikapata MB 300 na ushei. Kwa mtu aliyetarajia GB 30, yale yalikuwa matusi. Ningekuwa na akili ningejiuliza palepale: ikiwa Windows ina siku tatu tu, faili za muda zitatoka wapi? Nikafungua Disk Cleanup, kifaa cha usafi cha Windows yenyewe.

Hapa ndipo uroho uliponiponza. Disk Cleanup inakuletea orodha yenye viboksi, na kila kiboksi kina ukubwa wake pembeni. Mimi nikaweka tiki kila mahali kama mtu anayeokota maembe baada ya upepo. Sikusoma. Windows aliyonipigia fundi ilitoka kwenye flashi yake ya miaka mingi, Windows 10 ya mwaka 2019, na matoleo ya wakati ule yaliiweka folda ya Downloads ndani ya orodha hiyohiyo, bega kwa bega na takataka. Nikabonyeza OK, ikaniuliza kama nina hakika, nikaihakikishia. Kumbuka kwamba kinachofutwa na Disk Cleanup hakipiti kwenye Recycle Bin.

Saa mbili usiku mama Neema akaketi. "Baba Neema, faili langu liko wapi?"

Nilikesha na hilo faili hadi saa tisa. Nilipakua programu ya kurejesha faili zilizofutwa, bando la wiki likaisha. Na ilinipa matumaini, ndilo lililoniuma zaidi: faili lilionekana na jina lake kamili na tarehe yake. Nikalirudisha, nikalifungua, Excel ikakataa. Ndani mlikuwa sifuri tupu. Baadaye nikaja kuelewa kwamba SSD si kama diski ya zamani ya kuzunguka. Ukifuta kitu, Windows huiarifu SSD kwamba sehemu ile haina kazi tena, nayo huisafisha yenyewe. Jina linabaki kwenye daftari, mzigo umeshaondoka.

Asubuhi, macho mekundu kuliko ule mstari, nikafungua C kutafuta hata sijui nini. Nikakuta folda inaitwa Windows.old, ina GB 58. Kumbe fundi alipiga window bila kuformati, yaani bila kuifuta diski kwanza! Windows mpya iliisukuma ile ya zamani pembeni, pamoja na vyote tulivyokuwa navyo, ikakaa juu yake. Nilimlipa mtu aniongezee mzigo. Nikaingia Windows.old, Users, jina letu la zamani, Downloads, nikaruhusu iliponiomba ruhusa, na lile faili lilikuwa limekaa pale limetulia. Lilipungukiwa na Jumapili moja tu, ambayo mama Neema aliijaza upya kwa kusoma SMS za miamala moja baada ya nyingine huku mimi nikichemsha chai bila kuombwa.

Na nilivyookoka ni kwa ujinga, si kwa ujanja. Windows.old haionekani kwenye Disk Cleanup mpaka ubonyeze kile kitufe cha Clean up system files, na mimi sikukiona. Ningekiona, kwa uroho ule, ningeitia tiki nayo. Windows yenyewe pia huja kuiondoa baada ya siku kadhaa, kwa hiyo mwenye chake humo asilale.

Tulihamisha picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje, nikafungua mbilimbili kuhakikisha zinafunguka, ndipo nikarudi Disk Cleanup, safari hii kwa kitufe hicho, tiki moja tu: Previous Windows installation(s). Ilichukua kama nusu saa. Mstari ukawa wa buluu, nikauita ukoo mzima uje kuutazama.

Siku hizi nawasha upya laptop kwanza, maana programu nyingine huacha mizigo Temp zikisubiri kuwashwa upya zimalizie kazi, ndipo naingia %temp%. Vya wiki hii naviacha. Storage Sense, usafi wa kujiendesha wa Windows, nimeiwasha ifanye kila mwezi, ila pale pa Downloads nimechagua Never, nikarudi mara tatu kuangalia kama kweli ni Never.

Faili la kikoba limehamia Documents, na nakala yake iko kwenye flashi ndani ya pochi ya mama Neema. Akiniona nimeikaribia laptop tu, anaanza kuipapasa pochi.