Kitana cha mwanangu

Nilirudi kutoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, miguu imevimba, nikasikia chumbani kwa mwanangu chuma kikigonga chuma. Chaka-chaka, kimya, chaka. Nikafungua mlango bila kubisha. Kijana wa miaka 15 kakaa kitandani, mipini miwili ya chuma inamzunguka vidoleni kama mabawa, katikati kuna kitu kinametameta. Usingizi ukanitoka palepale.

"Baba, tulia. Ni kitana."

Na kweli kilikuwa kitana. Meno ya kuchania nywele, ukijikuna nacho hakiachi hata alama. Ila kimeundwa sawasawa na kile kisu wanachokiita cha kipepeo: mipini miwili inayofumba kengee katikati, ukiirusha inaachana, inapinduka na kukutana upande wa pili, kisha kikomeo kidogo mwishoni kinaifunga. Alikinunua mtandaoni kwa pesa zake za sikukuu. Wenzake wote wanazungusha, anasema, na hata kwenye michezo ya kompyuta kisu hicho ni cha kujionyesha, mtu anakitamani kuliko bunduki.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kisu hicho nilikijua kwenye banda la video miaka ya tisini. Mhuni wa kwenye filamu hakuwahi kutoa kisu kikawa kisu tu. Lazima akizungushe kwanza, kipige kelele, ndipo aseme neno lake. Tuliiga kwa vipande vya mbao na misumari, tukaumia vidole, mama zetu wakatuongezea. Kwa hiyo sifa yake niliimeza nikiwa mtoto: ni kisu cha wahuni, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba kina kwao.

Nahisi hata waliotunga amri ya Uingereza ya 1988 walipita kwenye banda kama letu. Isome orodha ya silaha walizozipiga marufuku mwaka ule: nyota za kurusha za ninja, kucha za chuma za mkononi na za miguuni, fimbo yenye upanga ndani, mrija wa kupuliza mishale, na kisu cha kipepeo humohumo. Wamekieleza vizuri sana: kengee iliyofunikwa na mpini wake, mpini uliotengenezwa upasuke katikati bila springi. Kukiuza, kukikodisha au kukiingiza nchini ni kosa tangu hapo. Na tangu tarehe 14 Julai 2021, kwa sisi tulio England na Wales, hata kukiweka kabatini nyumbani ni kosa. Kabla ya tarehe hiyo watu walipewa muda wa kusalimisha silaha za aina hiyo polisi na kudai fidia.

Sasa linganisha. Kisu kidogo cha kukunja, makali yasiyozidi inchi 3, kisicho na kikomeo cha kukikaza kikishafunguka, unatembea nacho mfukoni na huulizwi sababu. Na kinachoongoza katika mauaji ya visu hapa ni kile cha jikoni, kama changu cha kukatia vitunguu. Siitetei hiyo bidhaa, msinielewe vibaya. Nimeshapita kwenye nguzo za taa zilizofungwa maua na picha za watoto wa watu, na sioni anayehitaji kisu cha kufungua kwa mbwembwe barabarani. Ninachosema ni kwamba hiki kilihukumiwa kwa mbwembwe zake.

Nilimnyang'anya kitana. Usiku ule nikakitia kwenye mkoba nikaenda nacho kazini, na kituoni pa basi nikaubana mkoba kwapani kama mwizi.

Kwenye makao ya wazee ninapofanya kazi tuna nesi wa Kifilipino, anakaribia miaka 60. Tunamwita Ate, kwao maana yake dada mkubwa, na zamu nzima inamwita hivyo. Saa nane usiku, chai mezani, nikamwonyesha huku nikicheka. Ate hakucheka. Aliweka kikombe chini, akakichukua kwa vidole vitatu, kifundo kikatikisika mara moja tu. Sikuona kilivyofunguka. Nilisikia *tak*, nikaona meno ya kitana yamesimama mbele yangu. Yule binti wa Kiingereza aliyekuwa akipaka siagi kwenye mkate alirudisha kiti nyuma. Ate akachana nywele zake za mbele, taratibu, akakifunga, akanirudishia.

"Balisong," akasema, akikitaja kisu hicho kwa jina la kwao. "Baba yangu mdogo alikuwa akimenyea maembe."

Ate ni mtu wa Batangas, kusini mwa Manila. Huko, katika mji wa Taal, kuna kitongoji chenyewe kinaitwa Balisong, cha wahunzi wa visu hivi. Kengee wanazifua kwa chuma cha springi za magari mabovu, kama mafundi wetu wanavyofua mapanga, na mipini wanaipamba kwa pembe ya nyati au mfupa. Watalii wananunua. Lakini usidhani kwao ni malaika. Ate anasema alipohamia Manila kusoma, akitaja tu kwamba katoka Batangas watu walimtania kwa kumtazama mkoba. Nao wana sheria ya 1978 inayokataza kutembea na kisu nje ya nyumbani kama si cha kazi.

Mwanangu nilimrudishia kitana chake, kwa sharti moja: hakivuki mlango wa nje. Tulibishana jioni nzima. "Ni kitana, Baba, hakuna sheria ya vitana." Sawa. Lakini takwimu za serikali yenyewe, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha kijana mweusi anasimamishwa na kupekuliwa mara nyingi kuliko mweupe, na mtu aliye upande wa pili wa barabara haoni meno. Anaona mabawa na mkono ulioyashika. Hapo alinyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu.

Kisha akanifundisha kukishika. Kumbe mipini si sawa: mmoja ni salama, mwingine unaitwa unaong'ata, kwa sababu ndio uliokaa upande wa makali. Nilikosea mara ya kwanza na ya nne. Kwa kitana ni maumivu ya kifundo cha kidole. Kwa chenyewe ningekuwa nashonwa.

Ate anakwenda kwao Desemba, ameniuliza aniletee nini, akikonyeza jicho. Nimemwambia maembe makavu.