Leva ya magurudumu kwenye Boeing 737 NG: vituo vitatu, taa tisa

Leva hii iko mbele, kwenye paneli ya katikati, upande wa rubani msaidizi. Kichwa chake kina umbo la gurudumu, na cha leva ya flapu (vibao vinavyoshuka nyuma ya bawa) kina umbo la bawa. Kanuni ndizo zinazotaka hivyo, ili mkono ujue umeshika nini hata gizani.

Vituo ni UP (juu), OFF (katikati, bila presha) na DN (chini). Ndege ikiwa ardhini, kufuli la umeme huizuia leva isipande. Ikishaacha ardhi na rubani anayefuatilia vipimo akatamka kwamba inapanda, leva huvutwa nje, kisha juu. Presha ya haidroliki ya mfumo A hukunja magurudumu, na breki hujikamata zenyewe kusimamisha matairi makubwa. Injini namba 1 ikizimika katika hatua hiyo, mfumo B humalizia kazi. Ni kukunja tu, kushusha hausaidii.

Taa zikizimika, leva hurudishwa OFF. Presha huondoka na magurudumu hushikiliwa juu na kufuli zake.

Mwisho wa kasi ni noti (maili za baharini kwa saa) 270 kushusha, 235 kukunja.

Kwenye taa ndiko watu hukosea. Kijani ni chini na limefungwa. Nyekundu ni kwamba gurudumu halijakubaliana na leva. Nayo huwaka pia ukirudisha nguvu za injini chini kabisa karibu na ardhi bila magurudumu. Kijani kimoja kikikosekana, usianze kuchokonoa balbu: tazama seti ya pili juu nyuma ya vichwa. Kila gurudumu likiwa na kijani walau kwenye seti moja, liko salama. Mwaka 1972 marubani wa Eastern 401, ndege ya L-1011, walishughulikia balbu moja iliyoungua huku ndege ikishuka hadi ikaanguka Everglades, Florida.

Leva ikigoma kushusha: iweke OFF, fungua kifuniko cha sakafuni nyuma ya kiti cha rubani msaidizi, vuta vishikio vitatu kimoja kimoja mpaka mwisho. Nyekundu ya kila kimoja itawaka, kufuli limeachia. Subiri sekunde 15, kisha leva DN. La mbele hukunjwa kuelekea mbele, kwa hiyo upepo wenyewe hulisukuma chini.

Kifuniko hicho kikisahaulika wazi baada ya ukaguzi, leva itakubali kwenda UP, lakini magurudumu hayatakunjika.