Mwezi Mmoja, Watoto Saba na Mwalimu Asiyetosha

Watu wanaosikia kwamba tunawasomesha watoto wetu saba nyumbani huuliza kwanza kuhusu muda: je, saa za siku zinatosha? Kwa maoni yangu muda si tatizo kubwa, kwa sababu mtoto anayesomea nyumbani hapotezi saa njiani, wala hasubiri darasa zima litulie ndipo afunguliwe ukurasa wake. Kinachopungua ni mtu mzima. Kifungua mimba wetu ana miaka 16 na kitinda mimba bado anatafuna kalamu za rangi, na iwapo kila mmoja wa wale sita wanaosoma angepewa saa moja tu ya kufundishwa peke yake, saa sita zingekwisha kabla sufuria moja haijaoshwa, tena kwa kudhani kwamba hakuna atakayelia, atakayeumwa au atakayehitaji kusafishiwa jeraha.

Mwezi uliopita ulitubana hasa kwenye jambo hilo. Binti yetu mkubwa alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, tathmini ya mwaka ya masomo ya watoto wote ilikuwa imepangwa mwishoni mwa mwezi, na katikati ya hayo mawili tetekuwanga iliingia nyumbani bila kubisha hodi.

Nianze na utaratibu wetu, maana ndio uliotuokoa. Kila mtoto ana masomo mawili tu anayofundishwa peke yake, yaani lugha na hesabu, kwa sababu hayo hujengwa hatua kwa hatua na anayeruka hatua huanguka. Yaliyobaki, yakiwemo sayansi, historia na jiografia, tunayasoma pamoja mezani, mada moja kwa mwezi mzima, na kila mmoja huchukua kiasi anachoweza kubeba. Msomaji husoma mara moja tu, kisha watoto husimulia walichosikia, kuanzia mdogo kwenda mkubwa, ili wakubwa wasimalize maneno yote. Mazoea haya ya kusimulia, pamoja na vipindi vifupi kwa watoto wadogo, yalitetewa sana na mwalimu wa Uingereza, Charlotte Mason, aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923, na hadi leo familia nyingi zinazosomesha nyumbani huyafuata hata kama hazimjui aliyeyasambaza. Kwetu faida yake kubwa ni kwamba hakuna karatasi za kusahihisha: mtoto akisimulia, unajua papo hapo kilichoingia na kilichopita pembeni.

Tetekuwanga ilianza kwa mtoto wa tano. Familia yenye watoto wengi haina budi kuufahamu ugonjwa huu jinsi baharia anavyoufahamu upepo, kwa kuwa hauji mara moja ukaondoka, bali huja kwa mawimbi. Tangu mtu aambukizwe hadi vipele vitokee hupita siku 10 hadi 21, mara nyingi wiki mbili hivi, na mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. Maana yake ni kwamba kumtenga mtoto baada ya kuona vipele hakuwasaidii sana ndugu waliokwisha kulala naye chumba kimoja na kula naye meza moja. Tulichoweza kufanya ni kuwalinda watu wa nje, hasa wajawazito ambao hawajawahi kuugua na watu wenye kinga dhaifu, kwa kubaki nyumbani hadi malengelenge yote ya kila mgonjwa yalipokauka na kuwa magaga.

Kijana wetu wa pili, ambaye pamoja na dada yake mkubwa waliugua zamani na hivyo hawakuwa na hofu, alichukua kalenda na kuweka alama siku ambazo kila mdogo wake angeweza kutokwa na vipele. Mapacha na mtoto wa sita walitokwa ndani ya muda aliouweka, karibu kwa pamoja, na kitinda mimba akafuata katika wimbi la tatu. Kijana alifurahia usahihi wa kalenda yake kuliko ilivyofaa mbele ya wagonjwa, lakini sikumkataza kuendelea kusoma, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amejifunza kwamba virusi hivyo haviondoki mwilini baada ya kupona: hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na miaka mingi baadaye vinaweza kuamka na kuleta mkanda wa jeshi. Vilevile alijua kwa nini daktari alisisitiza kwamba mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini, dawa inayohusishwa na ugonjwa wa nadra lakini wa hatari unaodhuru ubongo na ini. Biolojia ya mwezi huo niliiandika kwenye kumbukumbu zetu kwa dhamiri safi kabisa.

Mada ya pamoja tuliyokuwa tumeichagua mapema ilikuwa mwezi wa angani, na nashukuru kwamba haikuwa jambo linalohitaji kusafiri. Mtoto anayejikuna anaweza kuutazama mwezi kupitia dirishani. Kanuni ilikuwa kusimama mahali pale pale, saa ile ile ya jioni, kuchora umbo lililoonekana na kupima umbali wake kutoka upeo wa macho kwa ngumi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso hufunika takribani nyuzi 10 za anga, na jambo zuri ni kwamba mtoto, ingawa ngumi yake ni ndogo, mkono wake nao ni mfupi, kwa hiyo vipimo vyake havitofautiani sana na vya mtu mzima. Mwezi ulipoandama, waliuona ukiwa mwembamba upande wa magharibi, na kila jioni ukasogea kuelekea mashariki kwa zaidi kidogo ya ngumi moja, hadi ulipopevuka na kuchomoza wakati jua linapotua.

Baada ya hapo kukatokea malalamiko, kwa kuwa mwezi ulianza kuchomoza wakati wadogo wamelala. Hapo ndipo mapacha, wenye miaka 11, walipopata hesabu yao ya desimali bila kulazimishwa. Kutoka mwezi mchanga hadi mwezi mchanga mwingine hupita siku 29.5, na siku moja ina dakika 1,440; ukigawanya, unapata kwamba kwa wastani mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 49 hivi kila siku. Walikuwa wamekwama kwenye kugawanya kwa desimali tangu mwezi uliotangulia, na sasa walitaka jibu kwa sababu lingewaambia kama kuna haja ya kuomba ruhusa ya kukesha. Jibu liliwakatisha tamaa, lakini dada yao mkubwa akawakumbusha kwamba mwezi unaochelewa kuchomoza huchelewa pia kutua, na tangu siku hiyo uchunguzi ukahamia asubuhi, ambapo kipande cha mwezi kilionekana magharibi mchana kweupe. Mtoto wa tano alikuwa akiamini kwamba mwezi ni wa usiku peke yake, na masimulizi yake ya siku hiyo yalikuwa marefu kuliko ya wote.

Somo lililopendwa zaidi lilikuwa la umbali. Nililiwekea mezani mpira wenye kipenyo cha sentimita 12 kuwa dunia, na kidonge cha udongo wa kufinyangia chenye kipenyo cha zaidi kidogo ya sentimita 3 kuwa mwezi, kisha nikamwomba kila mmoja akishike kidonge hicho mahali anapodhani panastahili. Wote walisimama karibu mno, mmoja akakiweka pembeni kabisa ya mpira. Dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742, na mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, yaani zaidi kidogo ya vipenyo 30 vya dunia, hivyo katika mfano wetu kidonge kilipaswa kuwa mbali kwa mita 3.6. Ilibidi kijana wa pili atoke nacho hadi mlangoni. Picha za vitabuni huchora viumbe hivyo viwili vikiwa jirani ili ukurasa utoshe, na nadhani ni haki ya mtoto kuonyeshwa angalau mara moja ukubwa wa nafasi iliyofichwa na picha hizo.

Binti yetu mkubwa hakuhusika sana na haya, na nataka kulieleza hilo kwa sababu familia kubwa zina kishawishi cha kumgeuza mtoto wa kwanza kuwa mwalimu asiye na mshahara. Mimi naamini kwamba mkubwa kumfundisha mdogo ni jambo jema kwa wote wawili, mradi tu mkubwa asiwe na lake linalosubiri. Mwezi wa mtihani tulimwondoa kwenye zamu za vyombo, za kulea na za kusomesha, tukampa chumba chenye mlango unaofungwa. Mtahiniwa wa kujitegemea ana kazi ambazo mwanafunzi wa shuleni hufanyiwa bila hata kuziona: kujisajili kabla muda haujapita, kupata kituo kitakachokubali kumpokea, na kuhakikisha kwamba mazoezi ya maabara yamefanyika. Kupima ukali wa asidi kwa kudondoshea besi hakuwezekani jikoni kwetu kwa usahihi unaotakiwa, kwa hiyo alipata ruhusa ya kutumia maabara ya shule moja.

Penduli, kwa upande mwingine, ilifanyika nyumbani, na ndiyo siku pekee aliyotoka chumbani kwa hiari yake. Uzi wa mita moja uliofungwa jiwe huenda na kurudi kwa muda wa sekunde mbili hivi. Ukitaka muda huo uwe nusu, haitoshi kukata uzi nusu, lazima uupunguze hadi robo, yaani sentimita 25. Wadogo waliamini kwamba jiwe zito lingekwenda haraka zaidi, wakabadilisha mawe mfululizo wakitafuta moja litakalowapa ushindi, na hakuna lililowapa. Yeye alikuwa akiandika ripoti yake ya mazoezi pembeni, na nadhani kuwaeleza mapacha sababu kulimfaa kuliko kurudia maelezo yale daftarini.

Kilichobaki nyuma ni kusoma kwa mtoto wa sita. Ana miaka sita, silabi nyepesi anazimudu, lakini yale makundi ya konsonanti, kama mbw na ng'w, humfanya asimame katikati ya neno kama vile amezibiwa njia. Homa ilipokuwa kali hatukumgusa. Ilipopungua, baba yake alichukua jukumu la dakika 10 kila jioni, bila kuzidisha hata kama mtoto alikuwa na hamu, na kazi ilikuwa kusoma upya yale aliyokwisha kuyajua. Uamuzi huo wa kurudia badala ya kusonga mbele una msingi wake. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tulichojifunza hupotea kwa kasi zaidi mwanzoni, kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba kujifunza tena kitu kilichosahaulika huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, jedwali la kuzidisha la mtoto wa tano nalo liliulizwa kidogo kidogo akiwa kitandani, huku sarufi, mwandiko na ramani vikiachwa vipumzike bila majuto yoyote. Katika mwezi mgumu napendelea kuacha masomo mazima kuliko kuyanyofoa yote kidogo.

Tathmini ilifika kama ilivyopangwa. Sheria za elimu ya nyumbani hutofautiana sana duniani, kuanzia nchi ambazo hazidai hata taarifa hadi zile zinazoipiga marufuku kabisa, na sisi tunaishi chini ya utaratibu unaotaka kumbukumbu za kazi na mazungumzo na watoto. Nilikuwa na wasiwasi juu ya madaftari yaliyopauka ya majuma ya ugonjwa. Hata hivyo michoro ya mwezi ilikuwa na tarehe, saa na vipimo, na ile iliyokosekana ilikuwa na maelezo mafupi ya mtoto husika: mawingu, homa, nilisahau, nilisinzia. Mtathmini aliwauliza mapacha kwa nini vipimo vyao vya jioni moja vinatofautiana, nao wakabishana mbele yake kwa muda mrefu juu ya nani aliyekunja mkono. Alipendekeza tuongeze kuandika insha kwa kijana wa pili, pendekezo ambalo kijana mwenyewe alilipokea kwa ubaridi na mimi nikalipokea kwa shukrani, kwa kuwa nimelisema mwaka mzima.

Sasa kitinda mimba ameshapona, binti amefanya karatasi zake za kwanza, na ratiba ya mwezi huu iko ukutani. Baba yao ataendelea na zile dakika za jioni hadi silabi ngumu zizoeleke, na kijana wa pili ataandika ukurasa mmoja kila wiki kuhusu mawimbi ya ugonjwa aliyoyatabiri. Mapacha wanataka mada ijayo iwe sayari ya Mshtarii, baada ya kusoma kwamba Galileo aliigundua miezi yake minne mwaka 1610. Nimewaambia kwamba nitakubali watakapomaliza sura ya desimali, nao wamenijibu kwamba, kwa kuwa Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 11.86, desimali wataikuta huko huko.