Elfu tisa walienda wapi?

Jumapili, usiku

Kuna hesabu ya Metropolitan Tabernacle, kanisa la Kibaptisti la kusini mwa London, ambayo watu huitaja nusu tu. Charles Spurgeon alipoitwa kuwa mchungaji wake mwaka 1854, kijana wa miaka 19, kanisa likiwa bado kwenye jengo la New Park Street, daftari lilikuwa na washirika 232. Alipofariki Januari 1892 walikuwa zaidi ya 5,300. Hiyo ndiyo nusu inayosomwa kwenye semina. Nusu ya pili ni kwamba katika miaka hiyo 38 waliopokelewa walizidi 14,000. Toa, utaona pengo la watu kama elfu tisa.

Wapo waliokufa, na miaka 38 si michache. Wapo waliohama na barua zao za kuwatambulisha kwa kanisa jingine. Wapo waliofutwa. Na wapo waliotolewa kwa makusudi. Mwaka 1856 Spurgeon alianza kufundisha vijana wa uchungaji. Vijana hao walipelekwa kwenye vitongoji vya London vilivyokuwa vinajaa nyumba mpya, na washirika walioishi karibu wakapewa ruhusa kwenda kuanzisha kanisa huko. Kwa Wabaptisti kila kanisa hujitawala. Likishaundwa lina daftari lake, mashemasi wake na sanduku lake la sadaka, na majina hayo yanatoka kwenye daftari la kanisa mama. Ndiyo maana kanisa linalozaa vizuri linaweza kuonekana limedumaa ukilitazama kwa tarakimu peke yake.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba walijua nani ametoka. Kila mshirika alipewa kadi iliyotobolewa matundu madogo ili vipande vyake vichanike kirahisi, kila kipande kikiwa na namba yake, kimoja kwa kila mwezi. Akija kwenye Meza ya Bwana anachana kipande cha mwezi huo na kukikabidhi. Baadaye vipande vinahesabiwa na kuwekwa alama. Asiyeonekana miezi mitatu, mzee wa eneo lake anamfuata nyumbani: mgonjwa, amehama, amekwazika, au amerudi nyuma? Daftari tunalo hata huku kwetu, tangu wamishenari Wabaptisti kutoka Marekani walipofika Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Lakini daftari peke yake huandika anayeingia. Anayetoka kimya kimya haandikwi na mtu, na baada ya miaka kumi katibu anasoma washirika 600 mbele ya watu 150.

Mlango wa kuingilia nao ulikuwa mwembamba. Anayetaka kujiunga alianza kwa mzee wa kanisa, aliyemhoji na kuandika maelezo yake kitabuni. Mzee akiridhika, anampeleka kwa mchungaji. Kisha kanisa linamteua mtu wa kwenda kuulizia mwenendo wake anakoishi na anakofanya kazi. Ndipo anakuja mbele ya mkutano wa washirika, anaulizwa, anatoka nje, kura inapigwa. Baada ya hapo ubatizo wa kuzamishwa, na mwisho mkono wa ushirika kwenye Meza ya Bwana. Hatua nyingi, ndiyo, na mtu mmoja hawezi kuzibeba. Mwaka 1859 waliongeza wazee wa kushughulikia mambo ya kiroho, mashemasi wakabaki na fedha na majengo. Kanisa lililomwachia mchungaji vyote viwili lingeishia kuwaingiza watu makundi makundi bila kuwajua.

Jengo ni habari nyingine. Kusanyiko lenyewe lilianza karne ya 17. Mwaka 1830 jumba lao la Carter Lane lilibomolewa kupisha njia ya daraja jipya la London, na mwaka 1833 wakahamia New Park Street. Nafasi zilikuwa kama 1,200, lakini mahali penyewe! Bondeni karibu na mto Thames, katikati ya viwanda, na daraja la Southwark la jirani lilivukwa kwa kulipia. Kanisa lilikuwa karibu tupu Spurgeon alipofika. Lilipojaa, hewa ikawa nzito hadi vioo vya juu vya madirisha vikavunjwa na mtu asiyejulikana. Mchungaji, aliyekuwa amelalamikia madirisha hayo kwa muda mrefu, hakuonekana kuhuzunika.

Walipanua mwaka 1855, wakajaa tena. Wakakodi kumbi. Tarehe 19 Oktoba 1856, kwenye ukumbi wa Surrey Gardens, mtu alipiga kelele ya moto ambao haukuwepo, na watu saba wakafa katika kukanyagana. Umati usio na milango ya kutosha ni hatari hata kama wote wamekuja kusali.

Tabernacle ilifunguliwa Machi 1861 kwenye makutano ya Elephant and Castle, ambako barabara kubwa za kusini mwa London hukutana. Ilikuwa na roshani mbili, nafasi zaidi ya 5,000, na gharama zaidi ya pauni 31,000, zote zikiwa zimelipwa siku ya kufungua. Hapo ndipo makanisa mengi huvunjika mgongo, maana deni la jengo hula mshahara wa mchungaji kwanza, kisha uinjilisti. Hata nafasi hizo hazikutosha. Kila robo mwaka washirika waliombwa wabaki nyumbani Jumapili moja jioni, waachie viti wageni. Sijui ni mchungaji gani leo angethubutu kutangaza hivyo.

Lakini kuta za watu 5,000 haziwaleti watu 5,000. Spurgeon alipoondoka, jengo lilibaki na ukubwa ule ule. Liliungua mwaka 1898, likajengwa upya, kisha likapigwa bomu na Wajerumani Mei 1941. Lililojengwa miaka ya 1950 lilikuwa dogo zaidi, na mwaka 1970, Peter Masters alipoanza uchungaji wake, washirika walikuwa wachache mno. Likaanza kujaa tena, safari hii kwa ukubwa wa ukumbi uliopo. Ukipita pale barabarani utaona nguzo sita za mbele, kubwa, za mwaka 1861. Zilinusurika moto na bomu. Ukumbi mpya uko nyuma yake.