Kiraka cha Saruji

Mwaka 1995 nilikuwa kibarua wa kuchanganya chokaa katika ukarabati wa Dispensari ya Zamani, lile jumba la barabara ya Mizingani, Unguja, ambalo Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulikuwa ukiligeuza kuwa kituo cha utamaduni. Mfanyabiashara tajiri Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, akafariki mwaka 1891 bila kuliona limekamilika. Dawa zilikuja kutolewa ghorofa ya chini baadaye, baada ya jumba kununuliwa na tajiri mwingine. Sisi vibarua hayo hatukuyajali. Tulijali jua, na chokaa iliyokuwa ikituchubua mikono.

Fundi wetu, mzee tuliyemwita Ami, alinikabidhi ufa kando ya dirisha niuzibe kwa vijiwe na chokaa, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likisubiriwa likauke. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa kazi ya siku nne. Mimi nilipata nusu ndoo ya saruji kwa rafiki aliyekuwa akijenga kwingine, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimemaliza, nimekaa kivulini.

Ami alirudi kutoka msikitini, akagonga kiraka changu kwa mpini wa mwiko.

"Nani kakupa saruji, mwanangu?"

Hakungoja jibu. Alinipeleka nyuma ya jumba, kwenye ukuta ambao mtu fulani zamani aliupiga lipu ya saruji, akaingiza patasi pembeni. Lipu ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake jiwe la matumbawe likamwagika kama unga. Akanieleza kwamba jiwe hilo hunyonya unyevu na chumvi, na kwamba chokaa huuachia unyevu utoke, ilhali saruji huuziba ndani, chumvi ikaganda na kulimega jiwe taratibu, huku nje ukuta ukionekana mzima.

Nikarudi kukibomoa kiraka. Saruji ilikuwa imeanza tu kushika, lakini ilikwishang'ang'ania mawe mawili ya zamani kiasi kwamba moja, ambalo kwa ukavu na wepesi wake nadhani lilikuwa la mafundi wa Topan wenyewe, lilipasuka mikononi mwangu. Ami alilitazama, akaniokotea jingine kwenye lundo, akanionyesha upande wa kulilaza.

Siku nne zikawa saba, kwa sababu mvua ilinyesha.