Miche ya pilipili ilikuwa inalala chini, hivi ndo nilivyoiokoa

Nakaa gorofa ya tatu hapa Tudor, shamba sina, kwa hivyo pilipili nasia ndani karibu na dirisha, udongo na samadi ya mbuzi tu, dawa za dukani sitaki kabisa. Mara mbili miche ilitoka vizuri alafu asubuhi moja naikuta imelala, shina pale chini limekuwa jembamba kama uzi, rangi ya chai. Iliniuma sana. Nikadhani ni joto nikazidisha maji, kumbe ndo naiua, ule ni ukungu wa kwenye udongo, unapenda majimaji na hewa iliyotuama, na Mombasa yetu hii unyevu waujua.

Safari ya tatu nusu ya udongo nikaweka makumbi ya nazi yaliyosagwa, nimeyaosha mara tatu yatoke chumvi, samadi kidogo tena iliyooza sawasawa, nikamwagia maji yanayochemka nikaacha ipoe ndo nikasia. Vikopo nimetoboa chini, maji naweka kwa sahani yapande yenyewe, yakibaki namwaga, na sirudii mpaka juu pakauke. Feni naiwasha pole pole mchana.

Mbegu 20, miche 17 imesimama wima, ishatoa majani manne manne.