Imeamuliwa ni Nani?

Barua ile ililetwa Ijumaa asubuhi, bibi yupo barazani anachagua mtele. Kwetu Majengo ni mtele. "Mchele" niliujua shuleni, kwa wino mwekundu. "Hebu nisomee, mjukuu wangu, mato yangu yashakwisha kazi."

Ilikuwa 2004. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, nasoma isimu, kichwa kimejaa mtaalamu wa lugha Norman Fairclough na habari zake za lugha na mamlaka.

Karatasi zilikuwa mbili. Ya Kiingereza ilikuwa na muhuri wa mawakili. Ya Kiswahili haikuwa nao, na mwisho wake pana mstari wa herufi ndogo: zikipingana, itafuatwa ya Kiingereza.

Asiyeijua Mombasa atashangaa mtu kufukuzwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Nyumba ilikuwa yetu, vyumba sita vya udongo na mabati. Kiwanja ni cha mtu, naye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Mitaa mizima hapa imesimama hivyo. Ardhi ya mwambao ilivurugika zamani: kwa sheria ya 1908 Waingereza walimtaka kila mwenye ardhi aende akaidai kwa maandishi, na isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya serikali yao.

Nikasoma. "Imeamuliwa kwamba eneo hili liendelezwe. Notisi inatolewa. Majengo yote yataondolewa..."

Bibi akaacha ungo. "Imeamuliwa ni nani?"

Kitabu cha sarufi kinataka "na nani". Kiswahili cha vitabu kilijengwa juu ya Kiunguja, na uamuzi huo wa 1928 ulipitishwa kwenye mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, mji wenye Kimvita chake. Utotoni nilikuwa nikimsahihisha bibi hiyo "ni" yake. Naona haya mpaka leo.

Nikatafuta penseli, nikapigia mstari kila kitenzi. Vilikuwa kumi na vinne. Tisa vya kutendwa, na hapana hata kimoja kilichomtaja mtendaji. Vitano vilivyobakia vilikuwa vyetu sisi: mlijenga, mmechelewesha, mmekataa, mtaondoka, mtagharimika. Yaani katika barua nzima watu walikuwa sisi tu, tena wakosa. Nilifurahi kama niliyeokota lulu. Nikamweleza bibi kwa kirefu, mikono hewani, mpaka chai ikapoa.

"Hayo twayajua," akasema. "Andika jibu."

Nikaandika kwa hati nzuri: "Kwa heshima na unyenyekevu, tunaomba tufikiriwe..."

"Mufikiriwe ni nani?"

Sikuwa na la kusema. Nikaichana.

Akaniamrisha neno kwa neno. Mimi, mjane, nilikanda udongo wa nyumba hii na mume wangu. Kodi nalipa mwenyewe. Risiti ninazo. Anayetaka nitoke aje tuonane, anitajie jina lake. Nilipotaka kulainisha hiyo ya mwisho alinitazama tu. Akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya karatasi, kizito, kikaacha doa mpaka upande wa pili.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja, Kiingereza kitupu, na muhuri. Nikamfasiria: "Barua yako imepokewa."

Safari hii hakuuliza. Aliikunja, akaitia kwenye mkebe wa risiti, akaurudia ungo wake.